Kinyonga Aliyejua Habari za Majirani

Katika bustani ndogo nyuma ya jiko la Bi Raya aliishi Kinyonga, ambaye kutwa alikuwa akitazama majirani. Alijua konokono hutoka saa ngapi na mjusi hujificha wapi, na alipenda sana kuulizwa.

Siku moja Kunguru alitua kando yake.

"Bwana Kinyonga, wanasema humu hakuna kinachokupita. Mimi siamini."

Kinyonga alivimba kichwa. "Niulize lolote."

"Haya. Yule ndege Chozi wa kwenye mkomamanga, huwaacha wanawe saa ngapi?"

"Hilo tu? Jua likifika ukutani huenda kwenye maua ya mshubiri. Hukawia kidogo, kisha hurudi."

"Kweli wewe ni mjuzi," alisema Kunguru, akaruka zake.

Kesho yake, jua lilipofika ukutani, Kinyonga alimwona Kunguru akishuka kwenye mkomamanga. Alianza kwenda kumzuia, lakini mwendo wake ni ule ule wa polepole. Alipofika, kiota kilikuwa kimechanika, na ndani hamna kitu.

Chozi alirudi na buibui mdomoni, chakula cha wanawe. Alizunguka mti akiita. Kisha akamwona Kunguru juu ya paa, akisugua mdomo.

"Jirani," alimwuliza Kinyonga, "nani amemwambia saa ninayoondoka?"

"Ni mimi. Aliniuliza, nikajibu. Nilitaka anisifu."

Chozi hakumtukana.

"Kila nikiondoka nilikuwa nakuona hapo," alisema, "nikajua wanangu wana mtu wa kuwaangalia."