Kisima cha Mfalme Nyati

Inasimuliwa kwamba kila mto ulipokaribia kukauka, Mfalme Nyati aliwashindanisha wachimbaji wa kisima. Mwaka mmoja Nungunungu na Muhanga, yule mla mchwa mwenye masikio marefu, walisusia chumvi ya Ngiri kwa sababu alimnyang'anya Digidigi shamba. Ngiri alikuwa shemeji wa mfalme.

"Anayesusia chumvi ya shemeji yangu hapati kazi ya serikali," Nyati akatangaza.

Kati ya wachimbaji akabaki Panya-buku peke yake. Akataka vikapu tisa vya mtama.

"Mwaka jana Muhanga alichimba kwa vikapu vitatu," Nyati akalalamika.

"Basi mwite, Mtukufu," Panya-buku akajibu kwa adabu.

Nyati akalipa. Panya-buku akachimba kisima cha kumtosha yeye, akashuka, akanywa, akasifu utamu wa maji. Nyati alipoinama, hata pua yake haikupita.

Baada ya siku mbili za kiu, mfalme alikwenda mwenyewe kwa Muhanga.

"Chumvi ya Ngiri bado silambi, Mtukufu," Muhanga akatahadharisha.

"Nani amekuuliza habari za chumvi?" Nyati akasema, ulimi nje. "Chimba, mzee wangu."