Mtu Aliyezikwa Kasomeno

"Nilikufaka kiangazi ya mwaka yenye ilipita," kijana alirudia. "Banizikaka ku Kasomeno."

Adalbert, muuguzi wa miaka thelathini na mkalimani wa Daktari Mzungu hospitalini, alitafsiri neno kwa neno huku akimtazama kwa chuki. Polisi wa Élisabethville walikuwa wamemtoa kijana huyo ofisi ya vitambulisho asubuhi ile. Kitabu chake cha kitambulisho kilisema Chola, miaka ishirini na mitano. Yeye aligoma katakata: ni Mukuka, mzee wa miaka sabini.

"Na yule bibi anayelia mlangoni?" Daktari aliuliza kwa Kifaransa.

"Ni mutoto yangu. Wa kwanza."

Bibi alikuwa na mvi kichwa kizima. Adalbert alicheka kwa dharau, akatafsiri.

Daktari aliweka kalamu chini. Sehemu za ubongo wa mtu huyu, alisema, hazielewani. Nyuzi zinazoziunganisha zimekaa vibaya. Kesho fuvu litatobolewa, nyuzi zikatwe. Atatulia. Pengine hatasema tena.

Kijana alipoelezwa, aliruka akamkwida Adalbert shati. "We muntu mweusi, unajua! Umwambie!"

"Anasema nini?"

"Anatukana, Daktari."

"Kwenu kuna wengine wanaosema mambo kama haya?"

Adalbert alinyoosha tai. Hofu ilimshika. Wiki ijayo wazungu wa tume wangekuja kukagua nyumba yake, kuanzia uma hadi choo, waone kama amestaarabika kiasi cha kupewa kadi ya Mwafrika mstaarabu. Barua ya kumpendekeza ilikuwa mezani kwa Daktari, bado haijatiwa sahihi.

"Hakuna, Daktari. Huyu ni mwendawazimu tu."

Kijana alimtemea mate usoni. Askari wawili walimfunga mikono, wakamburuta. Bibi akajitupa sakafuni. Adalbert alimruka kama gogo la njiani. Daktari alitia sahihi karatasi ya upasuaji, kisha ile barua.

Saa mbili usiku Adalbert aliingia kwake, akafunga mlango na madirisha yote. Alivua tai, akatoa chini ya kitanda mkanda wa marehemu mjomba wake, aliorithishwa pamoja na jina lake baada ya mazishi, akaufunga kiunoni. Bibi Bwalya, binti wa mjomba huyo, mgongo umepinda kwa uzee, alipiga magoti mbele yake na kupiga makofi polepole.

"Baba Mulenga," alisema, "tangu tulikuzikaka, haujachelewaka hivi."

"Kazi ilikuwa mingi, mutoto yangu," Adalbert akajibu.