Pengo la Kifuniko

Asubuhi ya kwanza baada ya kutoka eda, Bi Salme, mshona nguo, aliwasha gari la marehemu mumewe, ambalo shemeji yake alikuwa akiliwasha kila Ijumaa ili betri isife. Katikati ya mlima redio ilinyamaza, taa za dashibodi zikazimika, usukani ukawa mzito. Alilielekeza pembeni kabla halijasimama.

Fundi Kombo, mwenye gereji ng'ambo ya barabara, alifungua boneti akaushika waya wa betri. Ukacheza.

"Pole, mama. Waya umelegea. Hapa palichomekwa kitu, alama yake hii."

"Kibati," alisema Bi Salme taratibu. "Jana nikisafisha humu nilikiona, nikaking'oa, nikadhani taka."

"Ndicho kilichokuwa kikibana. Ngoja nikutafutie kibanio kipya."

Bi Salme alichukua mkebe wake wa nyuzi kitini. Kifuniko chake cha bati kilikuwa kimekatwa ukingoni, upana uleule wa kibati kile. Kwa pengo hilo aliwahi kumnunia mumewe wiki nzima, naye hakujitetea hata kwa neno moja.

"Usitafute kipya. Kata hapa," alimwambia fundi, akigusa kando ya pengo lile.

Kombo akaleta mkasi wa bati. Bi Salme akakishika kifuniko kwa mikono miwili, kisitikisike.