Mafundo Matatu

Fundi Shomvi alitikisa waya mmoja mmoja huku injini ikinguruma. Alipoushika ule unaopeleka umeme kwenye nozeli zote, injini ikakohoa, ikazimika.

"Mchawi wako huyu hapa, shemeji. Moto haufiki kwenye nozeli, kwa hiyo mafuta hayapulizwi."

Akaufuata ule waya mpaka mahali ulipoungwa kwa kitambaa chekundu. Akacheka. "Nani huyu kafunga gari kama kidonda?"

Mwanakheri akainama kutazama. Ulikuwa upindo wa kanga yake, ule uliochanwa akagomba wiki nzima. Ulikuwa na mafundo matatu. Sharifu alifunga kila kitu hivyo, hata mfuko wa sukari.

"Mume wangu," alisema.

Fundi, ambaye alilibeba jeneza la Sharifu, akaacha kucheka.

"Ndani kumeota kutu, shemeji. Lazima nikate, niunge upya."

"Huwezi kufungua tu?"

"Kitambaa kimeshikana na waya. Hakifunguki."

Siku ya arubaini nguo zote za marehemu ziligawiwa, kama desturi ilivyo. Mwanakheri mwenyewe ndiye aliyezikunja, na hakubakiza hata kofia. Lakini kesho mtoto wao alitakiwa hospitali, ng'ambo ya mlima, na wiki iliyopita gari lilizimika wakiwa katikati ya mteremko.

"Kata," alisema.

Koleo likalia mara mbili. Baadaye injini ikawaka, ikatulia.

"Panda ulijaribu, shemeji!"

Mwanakheri alikuwa bado amesimama mbele ya boneti, kile kipande cha waya na kitambaa chake kikiwa kiganjani, akilikaza fundo la tatu lililokuwa limelegezwa na koleo.