Kishimo cha Mtoto wa Pimbi

Zamani wanyama walikuwa na mganga mmoja tu, naye ni Mhanga, bingwa wa kuchimba. Kila mgonjwa alimchimbia shimo la kumtosha yeye mwenyewe, akaziba mlango, ndugu wakangoja nje.

Siku moja Pimbi akajifungua mtoto njiti, mdogo kuliko sikio la Mhanga. Mhanga akamchimbia kishimo cha kumtosha. Mtoto akapoa mwili. Mhanga akachimba chini zaidi, penye joto. Mtoto akazidi kupoa, wala hakutaka kunyonya.

"Sijawahi kushindwa na shimo," Mhanga akanung'unika.

Pimbi akachungulia mlangoni. "Bi Mhanga, huyu ametolewa shimoni kabla ya wakati wake, na shimo lenyewe ni mimi. Nipe."

"Utamlalia, mwanangu."

"Sisi pimbi hulala tumerundikana tangu kuzaliwa, na bado tupo."

Mhanga hakuamini, lakini kucha zake zilikuwa zimechoka. Akampa. Pimbi akamlaza mtoto kifuani, baba yake akajibanza ubavuni, wakawa wanamnong'oneza habari za mwamba wao. Kabla udongo haujakauka kwenye kucha za Mhanga, mtoto akashika ziwa.

Mhanga akamtazama mtoto akinyonya. Kisha akarudi kwenye kishimo, akaanza kuchimba tena.

"Sikupi tena mtoto," Pimbi akasema, akimkumbatia.

"Baki naye. Ninapanua, mwingie nyote," Mhanga akajibu bila kugeuka. "Nilikosea kipimo. Nilimpima mtoto peke yake."