Maji ya Wakubwa

Chupa zilinukia ubani.

Chirau, mpimaji maji wa serikali, aliinusa moja kwa nje, akaifuta, akaipanga na nyingine kwenye sanduku la barafu nyuma ya pikipiki. Si kitu. Nyumba nzima ya Bi Mwanapili ilinukia ubani, kuanzia mkeka mpaka paka.

Hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho kupeleka maji ya hapa maabara. Mtambo wa kuchimba visima virefu ungepelekwa kijiji kimoja tu, kile ambacho maji yake yangekutwa na uchafu wa choo. Kwa shindano hilo, kijiji hiki cha nyuma ya Msambweni kilistahili kikombe. Vyoo vya shimo vitano viliizunguka pampu ya kisima chake kama walaji waliozunguka sinia la pilau, na mwamba wa chini ni matumbawe, matundu matupu kama chekeche. Mwezi huo watoto kumi na mmoja walikuwa wameharisha. Yusra, mjukuu wa Bi Mwanapili, alikuwa amelazwa mkekani karibu na mlango, macho yamezama, midomo imekauka kama ganda la kitunguu.

Lakini maabara ilikwisha jibu mara mbili: safi. Chirau alibadilisha chupa. Akabadilisha barafu. Angeweza, angebadilisha na mkuu wake.

Maji yaliyotakiwa ni ya alfajiri, yaliyolala kisimani usiku kucha bila kutikiswa. Ofisi ya Chirau ilikuwa na pikipiki moja kwa watu wanne, na kutoka Kona ya Musa hakupata kufika kabla ya saa mbili. Ndiyo maana chupa tupu aliziacha kwa Bi Mwanapili, mshika ufunguo wa pampu, azijaze yeye. Alimfundisha kunawa kwa sabuni, kutogusa mdomo wa chupa, kujaza mpaka kwenye alama. Mama huyo alijua kazi kuliko vijana wa ofisini wenye vyeti.

Siku ile ya mafunzo, ili kumchekesha, Chirau alimwambia kwamba wakubwa wa maabara huyaonja maji kijiko kwa kijiko.

"Wakiumwa matumbo, mama, mimi ndiye nitakayelala ndani."

Alicheka peke yake. Bi Mwanapili akamwuliza kama ana watoto. Akajibu anao wawili.

Sasa, kabla hajawasha pikipiki, aliletewa kikombe, maana mgeni hatoki nyumba ile na koo kavu. Maji yalikuwa baridi, yametoka mtungini. Kila alipokuja aliyameza akiviwaza vile vyoo vitano, na kila mara tumbo lake lilitulia. Labda, alijitania, vijidudu vya Kwale huwaogopa watumishi wa serikali.

"Uwaambie hao wakubwa ulivyowaona watoto," Bi Mwanapili alimwagiza. "Hilo ndilo la kuandika."

Akaahidi. Watu wazima hapo walichemsha maji walipopata kuni, lakini mtoto akishikwa na kiu hukimbilia pampuni na viganja vyake, na nani atamfuata na birika?

Ijumaa majibu yakatoka. Safi.

Chirau alimweleza mkuu wake habari za watoto kumi na mmoja, mmoja mmoja kwa jina. Mkuu huyo hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema fomu ina nafasi ya namba, haina nafasi ya watoto. Kisha akatia sahihi. Adhuhuri mtambo ulikwisha vuka daraja la Ramisi, unakwenda kwa wengine. Ungerudi pande hizi baada ya miaka miwili, Mungu akipenda na bajeti ikipenda.

Njia nzima Chirau alitafuta maneno ya kumwambia Bi Mwanapili, hata mzaha mmoja, asipate. Alipofika alimkuta Yusra pampuni, plasta ya dripu ingali mkononi, amekinga viganja chini ya mdomo wa bomba anakunywa. Alitaka kumkataza. Akakumbuka karatasi ya majibu aliyokuwa nayo mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

Akamwambia. Maji ni safi, mtambo umekwenda kwingine, yeye hana la kufanya tena. Akainamisha kichwa angoje kilio, au matusi. Alikuwa amejiandaa kwa yote mawili.

Bi Mwanapili alishika kifua, akashusha pumzi ndefu.

"Kwa hiyo hawakuumwa?"

"Kina nani?"

"Wakubwa zako."

"La, hawakuumwa," Chirau akajibu, bila kuelewa.

"Alhamdulillahi." Mama akauinamia mtungi wa wageni, ule anaoufukiza ubani, akamchotea kikombe chake. "Nilikuwa na hofu juu yako, wewe na wale watoto wako wawili. Maji ya pampu yenyewe ningewatiliaje? Mara zote tatu nimechemsha kwanza, nikayapoza humu, ndipo nikazijaza chupa zako."