Wiki ya Kumi na Mbili

"Tatu," Lois alihesabu, macho kwenye saa ya simu.

Baba yake alishika mikono ya kiti, magoti yakimtetemeka. Alijaribu kuinuka mara ya nne, akafika nusu, akajibwaga. Nusu dakika ikawa imekwisha.

"Ngapi?" aliuliza Mzee Enos.

"Tatu, baba."

"Kama Jumatatu iliyopita."

"Kama wiki ya kwanza, baba."

Lois aliandika tatu daftarini. Hicho kilikuwa kipimo cha mwisho. Alikuwa macho tangu alfajiri: ameteka maji, amefua, amepika uji, amesoma kurasa mbili amesimama.

Mwaka ulipoanza alikuwa Mombasa, akipokea wateja kwenye jimu huku akisomea cheti cha ukufunzi wa mazoezi. Ndipo baba akateleza kwenye ukingo wa mto Tana, akavunjika paja. Mama alikuwa ameshafariki, na ndugu mwingine hakuna. Lois alirudi kijijini kwao, Ngao, akaendelea na masomo kwa simu.

Baada ya miezi minne daktari alisema mfupa umeunga vizuri. "Kilichobaki ni misuli. Mfanyishe mazoezi."

Hapo Lois akamwandikisha baba yake kuwa mteja wa mtihani wake. Wiki kumi na mbili, kipimo kila Jumatatu, mwishowe ripoti. Mteja asipopata nguvu, mwanafunzi hurudia muhula.

Kule Malindi, mwanamke aitwaye Ifrah alikuwa akifungua jimu ya wanawake. Alimwekea Lois nafasi ya kazi mpaka mwisho wa mwezi. Sharti lake lilikuwa moja tu: cheti.

"Na ukikipata hicho cheti," baba alimuuliza siku moja, Lois akimkunja goti, "Malindi utakwenda lini?"

"Kesho yake, baba. Nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi."

"Vizuri," alisema mzee. "Vizuri sana." Akaligusa paja lake. "Na huu msuli wa mbele ya paja mnauitaje?"

"Kwadrisepsi."

"Jina lote hilo, na kazi haufanyi!"

Lois alijaribu kila kitu. Alipunguza mazoezi, akayaongeza, akasoma upya sura nzima ya miguu huku uji ukitokota. Mayai ya kuku wake hakuyauza tena, yote yalikwenda kwenye sahani ya baba. Namba ikabaki palepale. Polepole akaanza kuamini kwamba kasoro ni yake, kwamba hakuzaliwa kufundisha mtu.

Kitu pekee kilichompunguzia mzigo ni shamba. Mara kwa mara aliteremka na jembe akakuta mistari kadhaa ya mahindi imeshapaliliwa. Alimshukuru jirani yao, Valentine.

"Mimi?" Valentine alishangaa, kisha akacheka. "Haya, shukrani nimezipokea."

Asubuhi hiyo ya kipimo cha mwisho, Lois alikwenda Garsen kwenye duka la kompyuta, maana mtandao wa Ngao haukuweza kubeba ripoti yenye picha. Njiani alipata ujumbe wa Cynthia, mwanafunzi mwenzake: "Wee andika kumi na moja. Nani atakuja huko kuhesabu?"

Alikitazama kisanduku cha matokeo kwa muda mrefu. Nje ng'ombe waliotoka mnadani walikuwa wakipita, vumbi lao likiingia mpaka kwenye kompyuta. Aliandika kumi na moja. Akafuta. Akaandika tatu, akatuma.

Jibu la mkufunzi halikuchelewa: "Pole, Lois. Utarudia muhula."

Akampigia Ifrah.

"Ile nafasi mpe mwingine, dada."

"Kwani vipi? Nikungoje mwezi mmoja zaidi?"

"Usiningoje. Baba hawezi kuinuka bila mimi."

Kwa kawaida siku ya Garsen alirudi jioni. Safari hii hakuwa na la kungoja, akapata pikipiki kwenye saa tano. Alishuka kabla ya kufika kijijini, akashika njia ya mashambani ili asikutane na mtu wa kumuuliza habari za mtihani. Alitaka alie kwanza, amalize, ndipo akamwambie baba kwamba haendi popote.

Migombani akasimama.

Mtu alikuwa akiupanda ukingo wa mto, pale penye mwinuko mkali, mtungi wa lita ishirini kila mkono. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Hatua zake hazikukatika. Mwanzo Lois alidhani ni Valentine.

Yule mtu alifika juu bila kupumzika, akamimina maji kwenye pipa nyuma ya jiko, akaisukuma mitungi chini ya kuni. Akajipangusa jasho usoni na tope miguuni, akipiga mluzi. Kisha akazunguka mbele ya nyumba, akaketi kwenye kiti, akaivuta fimbo yake ya kutembelea karibu na goti.

Lois alingoja kidogo, akapita upande wa pili na kutokea mlangoni.

"Aa, umerudi mapema!" alisema Mzee Enos, sauti ikafifia papo hapo. "Pole na safari. Njoo, mwanangu, nishike mkono niinuke."